Magamba meupe ndani ya shimo: jinsi ziwa letu linavyoacha alama zake

KALEMIE – Shimo lilikuwa limefika magotini pale jembe lilipoanza kutoa mlio mwingine. Udongo mweusi wa juu uliisha, ukaja mchanga, na ndani ya mchanga yakatokea magamba meupe ya konokono. Hayakuwa mawili wala matatu. Yalikuwa yamelala pamoja kama maharage yaliyomwagika, tabaka zima lenye unene wa kiganja.

Baba aliyekuwa anachimba hakushangaa sana. Alikimbia Fizi pamoja na familia yake, na siku hiyo ya mwezi wa nane alikuwa na kazi moja tu: kumaliza choo. Familia nne za wakimbizi wa ndani zilikuwa zimekubaliana kuchimba shimo moja karibu na mahema yao, hatua chache kutoka ufuoni. Kila mtu Kalemie anajua kwa nini choo hakingoji. Kipindupindu kinarudi hapa mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi kinaanza pale watu wanapokunywa maji ya ziwa bila kuyatibu.

Alirusha magamba pembeni, akaendelea. Watoto ndio walioacha mchezo wao wakaja kuyaokota. Binti yake wa miaka tisa alishika moja kubwa, akalipuliza mchanga, akauliza:

"Papa, zamani hapa palikuwa bahari?"

Baba alifuta jasho. "Kamuulize mwalimu."

Mwalimu aliishi hema la tatu. Kabla ya vita alifundisha biolojia na jiografia katika shule ya sekondari huko milimani. Aliondoka usiku na mke wake, watoto wanne na mfuko mmoja wa nguo. Vitabu vilibaki. Tangu afike Kalemie alikuwa akibeba magunia bandarini, na jioni alirudi amechoka, anakula bukari na ndakala, analala. Majirani walimwita Mwalimu kwa heshima, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza swali la darasani hata moja. Hilo la magamba lilikuwa la kwanza.

Alikuja, akachuchumaa kando ya shimo, akatazama ukuta wake kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo baba hakulipenda: "Ndugu yangu, simama kwanza. Usichimbe zaidi."

"Nisimame kwa ajili ya konokono?"

"Nipe muda kidogo. Nimjibu mtoto, nawe utasikia."

Alianza na bahari, kwa sababu ndiyo iliyoulizwa. Akiwa kijana alipanda treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja, kutafuta bidhaa za biashara. Huko Mji Mkongwe alikuta nyumba ambazo kuta zake zimejengwa kwa mawe yenye matundu madogo kama sega la nyuki. Aliuliza ni mawe gani. Akaambiwa ni matumbawe.

Matumbawe si mmea wala si jiwe la kawaida. Ni kazi ya wanyama wadogo sana wa baharini wanaoishi kwa makundi. Kila mmoja anatoa chokaa kwenye maji na kujijengea kikombe cha kukaa. Akifa, kikombe kinabaki, na mwingine anajenga juu yake. Baada ya maelfu ya miaka inakuwa miamba mikubwa chini ya maji. Bahari ikishuka, miamba hiyo inabaki nchi kavu, na wanyama waliokuwa ndani yake wanakuwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa zamani yaliyohifadhiwa kwenye mwamba au udongo.

Mji wa Mombasa umekaa juu ya mwamba wa namna hiyo. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kati ya mwaka 1593 na 1596, waliijenga juu ya matumbawe yaliyokufa zamani, na kuta zake ni matumbawe vilevile. Wataalamu wanasema sehemu kubwa ya miamba hiyo ya pwani iliota miaka kama 125,000 iliyopita, wakati dunia ilikuwa na joto na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Wanajuaje? Kwa sababu matumbawe yanayojenga miamba yanahitaji maji ya chumvi, yenye joto, masafi, na yasiyo na kina kirefu, ili mwanga wa jua uyafikie. Ukiyakuta yamesimama juu ya mahali mawimbi yanapofika leo, basi maji yaliwahi kufika huko. Ndani yake mna makombe, mifupa ya samaki na miiba ya viumbe wengine, na kila kimoja kinaeleza nani aliishi pale na maji yalikuwa ya namna gani.

"Basi hapa pia palikuwa bahari," binti alisema.

"Hapana," mwalimu alijibu. "Lakini usione aibu. Wasomi wakubwa walikosea mahali hapohapo."

Akamweleza habari ya Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, mtaalamu wa wanyama. Alikuja ziwa Tanganyika mara mbili katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kilichomleta ni kiumbe laini kama ute, chenye umbo la mwavuli, kidogo kama sarafu: yavuyavu. Mjerumani aliyeitwa Böhm alikuwa amekiona ziwani mwaka 1883, na watu wa Ulaya walishangaa, kwa sababu yavuyavu walijulikana kuwa viumbe wa baharini. Moore alikuta pia konokono wenye magamba mazito, yenye miiba na mistari, waliofanana na visukuku vya konokono wa bahari ya kale sana. Mwaka 1903 akatoa kitabu kizima akisema kwamba ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya zamani iliyofungiwa katikati ya Afrika.

Ilikuwa hadithi nzuri, lakini haikusimama. Bahari ile aliyoisema Moore ni ya zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Ziwa Tanganyika lilianza miaka kama milioni 9 hadi 12 iliyopita, pale ardhi ya bonde la ufa ilipopasuka na kudidimia. Yavuyavu wa aina hiyo wakaonekana pia ziwa Victoria, ambalo hakuna anayesema lilikuwa bahari. Na konokono? Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wanaishi na kaa wenye magando yenye nguvu, wanaovunja magamba ili wale nyama. Konokono mwenye gamba jembamba analiwa mapema, mwenye gamba nene anabaki kuzaa. Kizazi baada ya kizazi, wakawa na ngao kama za baharini, wakiwa hawajawahi kuonja chumvi.

"Kwa hiyo kufanana si undugu," mwalimu alisema. "Ukitaka kujua mahali palikuwa bahari, tafuta matumbawe. Ziwani mwetu hakuna hata kipande."

Watoto walikuwa wamekaa chini kwa wakati huo, na wengine walikuja kutoka mahema ya mbali. Baba aliegemea jembe lake. Hakuwa amecheka bado.

Mwalimu akaendelea. Ziwa letu halina matumbawe, lakini lina mafundi wake wa kujenga mawe. Maji ya Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, ikiwemo chokaa. Kwenye miamba ya pembeni, pale mwanga unapofika, wanaishi bakteria na mwani wadogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Wakitumia mwanga kujitengenezea chakula, chokaa inaganda juu yao tabaka kwa tabaka, kama ukoko unaobaki ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Mawe hayo ya tabaka yanaitwa stromatoliti. Ndiyo kazi ya viumbe hai ya zamani kuliko matumbawe yote: katika miamba ya upande wa Mbuji-Mayi, hapahapa Kongo, kuna stromatoliti zenye umri unaofikia miaka kama milioni 1,000, wakati ambapo duniani hakukuwa na samaki wala jani la nchi kavu.

Zile za ziwa Tanganyika ni changa, za maelfu machache ya miaka. Wachunguzi walizikata upande wa Burundi na kupima tabaka zake ili wajue maji yalipanda lini na kushuka lini. Hesabu yake ni ileile ya matumbawe: kwa kuwa fundi wake anahitaji mwanga, jiwe la namna hiyo likionekana kwenye kina chenye giza, ni kwamba maji yalikuwa chini sana wakati linajengwa. Likionekana juu nchi kavu, maji yalikuwa juu.

Ndipo akarudi kwenye lile gamba mkononi mwa binti. Huyo ni Neothauma, konokono mkubwa kuliko wote wa ziwa hili, na hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Akifa, gamba lake haliozi haraka, kwa sababu maji ya Tanganyika yana chokaa ya kutosha. Yanajikusanya chini ya maji, eneo kwa eneo, hadi yanakuwa uwanda mzima wa magamba. Mengine yamepimwa na kukutwa yamekaa humo kwa karne nyingi.

Wavuvi wanaujua uwanda huo, na samaki wanaujua zaidi. Kuna samaki wadogo ambao hawana pango wala jiwe la kujificha, wanaishi ndani ya magamba hayo matupu. Wanaingia kinyumenyume, wanataga mayai humo, wanalea humo. Kwa aina moja, dume ni mzito kuliko jike zaidi ya mara kumi. Dume anabeba magamba kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja, majike wanakuja kuishi ndani yake, na yeye mwenyewe hawezi kuingia.

"Wanakaa nyumba ya mtu mwingine," binti alisema.

Mwalimu alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. "Ndiyo. Mwenyewe alishaondoka. Na wanaitunza."

Baba sasa aliuliza swali lake, na halikuwa la konokono. "Mwalimu, umesema haya yanakaa chini ya maji. Hapa tuko juu ya maji. Mbona yako ndani ya shimo langu?"

"Hapo ndipo nilitaka ufike," mwalimu alisema.

Alichukua kijiti, akaonyesha ukuta wa shimo. Gamba moja juu ya ardhi halithibitishi kitu. Linaweza kuletwa na ndege, na mtoto, au na gari la mchanga wa kujengea. Lakini hapa magamba yamelala tabaka moja, yote kwa usawa, ndani ya mchanga uliooshwa na kuchujwa, na juu yake kuna udongo ambao haujawahi kuguswa na jembe. Mtu hapangi hivyo. Wimbi ndilo linalopanga hivyo. Pale walipokuwa wamesimama palikuwa ufuo.

Na si lazima iwe zamani za kale. Cameron, Mwingereza aliyefika hapa mwezi wa tano mwaka 1874, aliingia kwenye mdomo wa mto Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa na kuyapeleka hadi mto Kongo, akakuta umezibwa na majani na matete. Maji ya ziwa yalikosa njia, yakawa yanapanda. Huko Ujiji, ng'ambo ya ziwa, Stanley alikuta mwaka 1876 kwamba miti mitatu aliyoiacha imesimama sokoni mwaka 1871 sasa iko ndani ya maji. Miaka miwili hivi baadaye ziwa lilivunja kizuizi cha Lukuga. Hore, mmisionari aliyekuwa na kazi ya ubaharia, alifika mwaka 1879 akakuta mto unatoka kwa kasi kubwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1890, ziwa lilikuwa limeshuka kwa karibu mita 10.

Mita 10 ni urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Sehemu kubwa ya ardhi tambarare iliyo karibu na maji Kalemie, ambako leo kuna nyumba, masoko na mahema, ilikuwa chini ya ziwa wakati wa babu wa babu zetu. Na ziwa halikutulia tangu hapo. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 zililipandisha hadi likafika juu sana mwaka 1964. Kuanzia mwaka 2020 hadi 2024 lilipanda tena, likaingia barabarani na ndani ya nyumba, Kalemie, Uvira na Bujumbura. Limewahi pia kwenda upande wa pili: miaka kama 100,000 iliyopita, wakati wa ukame mkali, lilishuka zaidi ya mita 400.

Mama mmoja mwenyeji, muuza ndakala ambaye alikuwa amesimama nyuma na beseni lake kichwani, aliingia katika mazungumzo. Hakuhitaji tarehe. Alisema nyumba yake ya kwanza ilikuwa kule chini, akanyoosha mkono kuelekea mahali ambapo sasa watoto huogelea. Mama yake mzazi alimkataza kujenga hapo. Alimwambia, "Hiyo ni ardhi ya ziwa, limekuazima tu." Hakumsikia, kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi na maji yalikuwa karibu. Ziwa lilipokuja kuchukua ardhi yake, halikumwachia hata mlango.

"Wageni wanapewa huku chini kwa sababu sisi tunaogopa kukaa," alisema. "Ni vibaya, lakini ndivyo ilivyo."

Hapo ilieleweka kwa nini mwalimu alisimamisha jembe. Sasa ni kiangazi, maji yako chini na mchanga umekauka, kwa hiyo shimo linaonekana zuri. Mvua zikinyesha, ziwa hupanda kidogo kidogo hadi mwezi wa nne au wa tano. Mchanga wa ufuo haushiki maji, unayapitisha. Maji ya ziwa yataingia shimoni kupitia chini, na uchafu wa shimo utatoka kwa njia hiyohiyo hadi pale akina mama wanapochota. Watu wa afya wanasema chini ya choo kuwe juu ya maji ya ardhini angalau kwa mita 1.5, na choo kiwe mbali na chanzo cha maji angalau kwa mita 30. Shimo hili lisingefikisha hata kimoja. Wangekuwa wamejichimbia kipindupindu kwa mikono yao.

Baba alikasirika, na alikuwa na haki. Siku mbili za jasho zilikuwa zimeenda bure. "Kule Fizi nilikuwa na choo cha matofali," alisema. "Hapa hata shimo ninanyimwa, tena na konokono." Hakuna aliyemjibu. Mke wake alichukua jembe lililokuwa chini, akalifuta mchanga, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, twende tuangalie pale juu."

Haikuwa rahisi. Pale juu palikuwa na mwenye shamba, na ilibidi wazee wa kambi na mama muuza ndakala waende kuzungumza naye jioni mbili. Mwishoni alikubali kutoa pembe ndogo ya muhogo uliokwisha kuvunwa, kwa sharti kwamba choo kitafunikwa vizuri na kitatumiwa na watu wake pia. Familia nne zilichimba upya. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, kazi ilichukua siku tano badala ya mbili. Watoto walichungulia kila asubuhi kuona kama kutatokea gamba. Halikutokea hata moja.

Lile shimo la kwanza liliachwa, likazungushiwa miti ili mtoto asitumbukie. Mwezi wa nne, baada ya juma zima la mvua, baba alishuka kulitazama. Maji yalikuwa yamesimama ndani, masafi kabisa, na usawa wake ulikuwa umefika palepale penye mstari mweupe wa magamba. Alisimama hapo muda, akarudi, hakusema mengi. Ila siku hiyohiyo alikwenda kwa familia mbili mpya zilizoshuka kwenye boti kutoka kaskazini, waliokuwa wanapima mahali pa kuweka turubai lao, akawaonyesha jinsi ya kuchimba kidogo kwanza na kutazama rangi ya mchanga.

Mwalimu bado anabeba magunia bandarini. Lakini siku ya jumamosi alasiri anakaa chini ya mwembe, na watoto wa kambi pamoja na wale wa wenyeji wanakuja na vitu walivyookota: mawe, magamba, siku moja mfupa wa taya la mbuzi ambao walitumaini ni wa mnyama wa kale. Hana ubao wala chaki. Anaandika mchangani kwa kijiti, na binti wa miaka tisa ndiye anayefuta kwa mguu somo likiisha.